Malkia yupi huyu? Kipicha cha Holbein kingali hakina mwenyewe

FUNGUA kasha la bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, na aghalabu utakuta humo hati ya nyumba, kitambaa chenye harufu ya udi, na picha. Picha ni ya mwanamke aliyeketi kitini, mkufu shingoni, vipuli masikioni, macho ameyageuza kando. Nyuma ya picha hapana kitu. Nani huyu? Shangazi atakwambia ni fulani. Mama mdogo atakataa: "La, yule alikuwa mrefu wa uso. Huyu ni nduguye." Mwenye kujua kwa yakini amekwisha kuzikwa, na picha imebaki haina mwenyewe.

Msomaji usidhani mambo haya ni ya kwetu tu. Ukoo wa kifalme wa Uingereza, pamoja na makarani wake, maktaba zake na wataalamu wake, nao una picha ya namna hiyo. Ni ndogo mno, yaenea kiganjani: mviringo wake una upana wa kama sentimita 6. Ilichorwa yapata mwaka 1540. Mchoraji ajulikana, rangi zajulikana, hata kipande kilichobandikwa nyuma yake chajulikana. Asiyejulikana ni mwanamke mwenyewe.

Kwa zaidi ya miaka 200 ameitwa Catherine Howard, mke wa tano wa Mfalme Henry wa Nane, yule aliyekatwa kichwa angali msichana. Lakini ndiye kweli? Wapo wasemao ndiye. Wapo wasemao ni mke wa nne. Na wapo wasemao kwamba hakuwa mke wa mfalme kamwe.

Kazi ya mkono

Mchoraji alikuwa Hans Holbein, Mjerumani aliyezaliwa Augsburg yapata mwaka 1497. Alifika Uingereza mara ya kwanza mwaka 1526, akarudi Basel, kisha mwaka 1532 akaja tena kukaa. Akawa mchoraji wa mfalme, na mauti yalimkuta London mwaka 1543. Yasemekana kazi hii ya picha ndogo alifundishwa na Lucas Horenbout, mtu wa Ghent, ambaye ukoo wake ulikuwa wa mafundi wa kupamba vitabu.

Na hiyo ndiyo asili ya picha hizi: zimetoka kitabuni. Kabla ya mtambo wa kupiga chapa kuenea, vitabu vya Ulaya viliandikwa kwa mkono na kutiwa nakshi kurasani, kama vile waandishi wetu wa Siyu walivyoitia misahafu yao nakshi za wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Fundi wa Ulaya alikuwa na sura za watu katika kurasa zake. Siku moja sura ikatolewa kitabuni, ikakatwa mviringo, ikatiwa katika kikopo cha dhahabu au cha pembe ya ndovu, ikawa ni kitu cha kuvaliwa au kufichwa mfukoni. Haikuwa picha ya kutundikwa ukutani kila apitaye aione. Ilikuwa siri baina ya mtu na mtu.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Hutwaliwa ngozi ya ndama, ikakwanguliwa hata ikawa nyembamba kama karatasi. Kisha hubandikwa juu ya karata, hizi karata za kuchezea, ili isijikunje. Rangi husagwa, huchanganywa na maji na gundi ya mti, na hutiwa kwa brashi ya manyoya ya kindi, nukta baada ya nukta. Penye dhahabu, fundi hutia unga wa dhahabu yenyewe.

Katika kipicha chetu nyuma ya mwanamke ni buluu tupu. Uso ameugeuza kidogo. Kichwani ana kofia ya mtindo wa Kifaransa, inayoacha nywele za mbele wazi, na ukingo wake umepangwa vito. Gauni lina rangi ya dhahabu, na mikono yake ina manyoya. Shingoni pana kidani, na kifuani yaning'inia johari kubwa ya yakuti nyekundu, zumaridi na lulu. Hayo si mavazi ya mtu wa kawaida. Swali ni kwamba ni mavazi ya nani.

Mshenga mwenye brashi

Ili tulielewe swali hilo, yatupasa turudi nyuma kidogo. Mke wa tatu wa Henry, Jane Seymour, alifariki tarehe 24 Oktoba, 1537, siku 12 baada ya kumzaa mrithi wa kiume. Mfalme akaanza kutafuta mwingine, safari hii katika nchi za mbali. Kwetu sheria imempa mposaji ruhusa ya kumtazama mposwa kabla ya ndoa. Henry hakuweza kuzunguka Ulaya kuwatazama mabinti wa watu, basi akamtuma Holbein amtazamie.

Mwezi wa Machi 1538 Holbein alikwenda Brussels kwa Christina wa Denmark, akapewa muda wa saa tatu tu, akarudi na sura yake. Posa hiyo haikufaulu. Mwaka 1539 akatumwa kwa ukoo wa Cleves, katika Ujerumani, akamchora binti aitwaye Anne pamoja na nduguye Amalia. Picha kubwa ya Anne leo iko katika jumba la Louvre, Paris, na ndogo yake iko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, ndani ya kikopo cha pembe kilichochongwa mfano wa waridi.

Mfalme aliridhika na picha, hakuridhika na mtu. Alipomwona Anne uso kwa uso siku ya mwaka mpya wa 1540, hakumpenda. Ndoa ilifungwa tarehe 6 Januari, na mwezi wa Julai ikabatilishwa. Anne hakubisha. Akapewa majumba na mashamba, akaitwa dada wa mfalme, akaishi kwa salama mpaka mwaka 1557. Aliyelipia ni waziri aliyeipanga ndoa hiyo, Thomas Cromwell, aliyekatwa kichwa tarehe 28 Julai, 1540.

Siku hiyo hiyo mfalme alioa tena.

Msichana wa miezi 16

Bibi harusi alikuwa Catherine Howard, aliyeletwa katika nyumba ya mfalme kuwa mmoja wa wasichana wa kumhudumia Anne. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa. Wanahistoria wengi waona hakuwa amevuka miaka 19. Mfalme alikuwa na miaka 49, mzito wa mwili na mwenye kidonda mguuni kisichopona. Alimwagia mkewe mchanga vito na nguo, na orodha ya vito hivyo ipo hadi leo.

Raha haikudumu. Mwezi wa Novemba 1541 mfalme aliletewa barua ya kumweleza habari za ujana wa Catherine kabla ya ndoa, na uchunguzi ukazaa tuhuma nyingine za baada ya ndoa. Akavuliwa cheo cha umalkia, baada ya miezi kama 16 tu. Wanaume wawili waliotajwa naye waliuawa mwezi wa Desemba. Bunge likapitisha sheria ya kumhukumu bila ya yeye kusimama mahakamani kujitetea. Tarehe 13 Februari, 1542, alikatwa kichwa ndani ya ngome ya London, akazikwa katika kanisa lililo humo.

Maneno ya waliomshitaki yamehifadhiwa. Sura yake ndiyo isiyopatikana kwa yakini: hapana picha hata moja ya Catherine ambayo wataalamu wote wameafikiana. Ndiyo maana kipicha hiki kinagombaniwa. Kikiwa ni chake, basi binti yule ana uso. Kikiwa si chake, hana.

Ushahidi wa kidani

Wanaomtetea Catherine wanategemea vito. Ile johari kubwa ya kifuani inaonekana mahali pengine, nayo ni katika picha ya Jane Seymour iliyochorwa na Holbein mwenyewe, ambayo sasa iko Vienna. Vito vya namna hiyo havikuwa mali ya mtu mmoja. Vilikuwa vya cheo. Malkia akifa au akiondolewa, vilirudi hazina, na ajaye akavivaa. Tena katika orodha ya vito alivyopewa Catherine wataalamu wamesoma vitu vinavyolingana na vilivyochorwa. Mtindo wa nguo nao ni wa yapata mwaka 1540. Basi wasema: huyu ni malkia, si Jane kwa sura, na mwaka ni wa Catherine. Nani tena?

Hoja hii ina nguvu, na aliyekulia Pwani anaielewa upesi. Kwetu bibi harusi huweza kuvikwa dhahabu ya bibi yake, kidani cha mama yake na vikuku vya jirani. Ukiitazama picha ya arusi, dhahabu itakwambia ni ukoo gani. Lakini haitakwambia ni binti yupi wa ukoo ule. Dhahabu hupita shingo hata shingo, wala haiweki alama ya mwenyewe. Kidani kile kile kinachomshuhudia Catherine chaweza kumshuhudia kila aliyekuwa malkia baada ya Jane na kabla ya Catherine. Na huyo yuko mmoja.

Uru nne

Mwaka 2021 mwandishi wa Kiingereza Franny Moyle alitoa kitabu juu ya maisha ya Holbein, akasema kwamba mwanamke huyu ni Anne wa Cleves. Hoja yake ya kwanza ni uso: auona ni ule ule wa picha ya Louvre, isipokuwa sasa Anne amevua nguo za kwao na kuvaa za Uingereza. Jambo hilo halikosi msingi, kwani mwandishi wa tarehe wa zama hizo, Edward Hall, aeleza kwamba siku chache baada ya ndoa Anne alitokea mbele ya watu amevaa Kiingereza na kofia ya Kifaransa, na kwamba ilimpendeza.

Hoja ya pili ndiyo iliyowafanya watu wengi watege masikio. Tumesema ngozi hubandikwa juu ya karata. Karata iliyo nyuma ya kipicha hiki ni uru nne. Na Anne alikuwa mke wa nne.

Wale wanaojua karata, ingawa wazee waliwakataza, hawana haja ya kuelezwa uru ni nini. Jina hilo, pamoja na kopa na shupaza na neno karata lenyewe, tuliachiwa na Wareno, ambao karne hiyo hiyo ya Holbein walikuwa wakitia nanga Malindi. Kwa Kireno asili ya neno uru ni dhahabu. Basi mke wa nne, juu ya dhahabu nne: ni ishara, au ni sadfa?

Hapa inafaa tusichukuliwe na utamu wa kisa. Holbein alizibandika picha zake nyingine ndogo juu ya karata pia, na katika kila mafungu manne ya karata iko nne. Fundi anayetafuta kipande kigumu, laini na safi huokota kilicho karibu. Karata moja yaweza kuwa ishara, lakini haitoshi kuwa desturi. Na ule uso wa Louvre umechorwa ukielekea mbele kabisa, ilhali huu umegeuzwa upande. Kulinganisha viwili hivyo ni kazi ya macho, na macho huona yanachotaka. Ndiyo yale ya shangazi na mama mdogo.

Zaidi ya hayo wako wanaomtaja mwanamke wa tatu, Margaret Douglas, mpwa wa mfalme, aliyezaliwa mwaka 1515 na kuwahudumia Anne na Catherine wote wawili. Alikuwa wa damu ya kifalme, na haikuwa ajabu kwake kupambwa. Ila hao wana kazi ya kueleza jinsi johari ya malkia ilivyofika shingoni mwake.

Jina lililowahi kuvuliwa

Mwenye kuona kwamba huu ni ubishi wa bure na akumbuke yaliyoifika picha nyingine. Iko picha kubwa ya mafuta ya mwanamke aliyevaa nguo nyeusi, ambayo leo iko Toledo, Marekani, na nakala yake iko London. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa ndiyo Catherine Howard, ikachapwa vitabuni, wanafunzi wakaufahamu uso huo. Lakini juu ya picha pameandikwa kwa Kilatini kwamba mwanamke ana umri wa miaka 21, na kwa hesabu za wengi Catherine hakufika huko. Tena picha ilikuwa imehifadhiwa na ukoo wa Cromwell. Sasa yaelezwa kuwa yamkini ni bibi wa ukoo huo, na wengine wamtaja Elizabeth Seymour, nduguye Jane, aliyeolewa na mwana wa Thomas Cromwell.

Fikiria: mwanamke aliketi mbele ya mchoraji akiwa na maisha yake na jina lake. Karne zikapita, akavikwa jina la mwenziwe kwa sababu mwenziwe ana kisa cha kuuza vitabu. Hilo ni kosa juu ya wawili. Mmoja amenyang'anywa sura, na mwingine amepachikwa isiyo yake.

Sanadi iliyokatika

Wanavyuoni wetu wa hadithi walituachia kanuni mbili. Ya kwanza ni sanadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, hata kufikia mwanzo. Ya pili ni matini, yaani maneno yenyewe, yanaafikiana na yanayojulikana au hayaafikiani. Maneno yakiwa matamu namna gani, sanadi ikikatika hayaitwi sahihi.

Kipime kipicha cha Holbein kwa mizani hiyo. Matini yake ni nzuri: vito vya malkia, mtindo wa mwaka 1540, mkono wa bingwa. Tena iko nakala ya pili ya sura hiyo hiyo, mikononi mwa ukoo wa Duke wa Buccleuch huko Uskochi, na mtu asiye na cheo hachorwi mara mbili kwa kazi ya ghali namna hii. Lakini sanadi ya jina imekatika. Holbein hakuandika jina. Hapana mtu wa zama zake aliyesema, "Hii ni sura ya fulani." Jina la Catherine lilienea katika karne ya 18, wakati kila aliyewaona wanawake hao alikuwa amelala kaburini kwa vizazi na vizazi.

Mimi naona kwamba upande wa malkia una uzito kuliko upande wa mpwa wa mfalme. Baina ya Catherine na Anne, vito havichagui, na karata inanong'ona tu. Kwa hiyo waliokihifadhi kipicha hicho wamefanya la busara. Wamekiandika kuwa ni picha ya bibi, "labda" Catherine Howard. Neno hilo moja dogo lina uaminifu kuliko kurasa nyingi za vitabu.

Baadhi ya watu hulichukia neno labda. Wataka jibu la ndiyo au siyo. Lakini katika kesi hii Catherine amekwisha kuhukumiwa mara moja pasipo kusikilizwa, na watu waliokuwa na haraka ya jibu. Si vizuri tumpe uso kwa haraka ile ile.

Na sisi turudi kwenye kasha letu. Yule mwanamke wa picha isiyo na maandishi hana wataalamu wa kumtetea, wala hakuvaa johari ya malkia itambulikane Vienna. Ana nyinyi tu. Ikiwa bibi au babu yungali hai, mchukulie picha leo, si Idi ijayo. Muulize nani huyu, binti wa nani, picha ilipigwa wapi, mwaka gani. Kisha geuza nyuma uandike kwa kalamu ya risasi, polepole, pamoja na jina la aliyekwambia. Hapo umeifunga sanadi.

Na akikwambia hajui, andika kwamba hajui. Ndiyo adabu ya wanavyuoni wetu, ambao wakisha kutoa rai yao yote kwa dalili na hoja, hukhitimisha kwa kusema: Wallahu aalam.